Sauti ya Mama, Ghorofa ya Tatu

"Nimeshiba, mama. Usinilishe tena," mtoto alisema, akageukia ukutani.

Mama alibaki mlangoni na mfuko wa dawa mkononi. Ndiyo kwanza anarudi. Uji aliouacha mezani ulikuwa umekwisha, na bakuli limeoshwa, limefudikizwa juu ya kitambaa.

"Nani kakulisha, Kipusa?"

"Si ni wewe, mama! Ila mikono yako ilikuwa baridi."

Mama huyo alikuwa fundi cherehani, mjane, na Kipusa ndiye mtoto wake pekee. Alizaliwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kwa miaka sita alimjua mama yake kwa sauti tu. Jana yake alikuwa amepasuliwa, na bandeji ingefunguliwa baada ya siku mbili. Ndiyo maana walichukua chumba katika hoteli hii ndogo karibu na hospitali, nyumba nyembamba ya ghorofa tatu iliyobanwa kati ya duka la vitabu na la mikate, kwenye mtaa mzuri wenye maua kila dirishani. Chumba chao kilikuwa juu kabisa.

Alimwita mfanya usafi aliyekuwa akifuta ngazi. "Dada, wewe ndiye uliyemlisha mwanangu?"

Mwanamke yule alichungulia ndani, akanusa. Kulikuwa na harufu ya nguo mbichi zilizovunda. Tambara likamdondoka.

"Kumbe amerudi," alinong'ona. "Dada yangu, huyo ni jini. Anapenda watoto, anajifanya mama yao. Nilimwambia tajiri asikipangishe chumba hiki, akanicheka. Kusanya vitu vyenu, nami nikamwite bibi tabibu, yupo mtaa wa nyuma tu. Usimwache mtoto hata dakika moja!"

Mama alikusanya vitu harakaharaka. Matone ya macho yalikuwa bafuni, hatua tatu tu. Aliingia kuyachukua, mlango ukajifunga nyuma yake. Kitasa kiligoma. Halafu akasikia sauti yake mwenyewe chumbani, tulivu kabisa, ikiimba wimbo anaombembelezea Kipusa.

"Kipusa! Usimsikilize! Mama yako niko huku!"

"Mama, nani huyo anagonga?"

"Ni jini, mwanangu," ile sauti yake ilijibu. "Usimjibu. Njoo nikupakate."

Mama aligonga kwa ngumi, kwa viwiko, kwa bega, akataja siku aliyomzaa, akataja kovu la gotini na namna lilivyopatikana, akabembeleza, akaapa, akalia, na kadiri alivyolia ndivyo sauti yake ilivyokauka na kuwa ngeni, huku ile ya chumbani ikizidi kuwa tamu, ikizidi kuwa yake kuliko yake mwenyewe, mpaka mtoto aliyembeba tumboni miezi tisa akapiga kelele kwa hofu:

"Nenda zako, jini! Tuache mimi na mama yangu!"

Mama akaketi sakafuni.

Bibi tabibu ndiye aliyeufungua mlango. Alisoma dua, akanyunyiza maji pembe zote nne, akasoma tena hadi jasho likamtoka. Kioo cha dirisha kikapasuka, na harufu ikakatika papo hapo.

"Chumba ni safi sasa," alisema akihema.

Kipusa alikuwa amejikunyata kitandani. Mama alipomgusa, alipiga mayowe.

Walilazwa wodini siku mbili. Mtoto alikula kwa mkono wa muuguzi tu, na mama alilia hadi akabaki na sauti ya mkwaruzo. Alijipa moyo: akiniona, atanijua.

Siku ilipofika, daktari alifungua bandeji taratibu. Kipusa akapepesa macho. Mama alipiga magoti mbele yake.

"Mwanangu, unaniona?"

Mtoto alimtazama kama anavyotazamwa mgeni. Kisha macho yake yakapita juu ya bega la mama, yakatua kwenye pembe tupu kando ya kabati. Uso ukamchanua. Akanyoosha mikono.

"Mama!"

"Abee, mwanangu."

Daktari aliinua kichwa, akamgeukia fundi cherehani. "Umesema nini, mama?"

Hakuwa amefungua mdomo.