Chuma Kwenye Jicho la Babu

Kila Jumamosi asubuhi nilifagia karakana ya babu, kisha nikapitisha sumaku sakafuni kuokota unga wa chuma ulioukimbia ufagio. Babu alikuwa fundi wa kuchomelea, na grenda yake ya kusagia chuma ilitema cheche kutwa nzima. Aliniita Pilipili kwa sababu ya mdomo wangu, ingawa mdomo huo niliurithi kwake.

Jumamosi moja hatukufungua. Babu alikuwa amejiandikisha hospitalini kwenye utafiti wa ugonjwa wa ateri, yaani mishipa inayotoa damu moyoni. Kaka yake alikuwa ameanguka ghafla akinywa chai, asiinuke tena, kwa kuwa mshipa wa shingoni ulikuwa umeziba. Tangu hapo babu alikuwa haishi kujishikashika shingo.

Jana yake daktari alikuwa amemtundikia dripu yenye chembe za nano za chuma.

"Ukipanga elfu moja kwenye mstari, hazifikii unene wa unywele," alitueleza. "Zitajikusanya pale mshipa unapougua. Kesho mashine ya sumaku itatuonyesha ni wapi."

Sasa tulikuwa tumekaa kwenye benchi. Babu akaninong'oneza, "Watauliza habari za jicho. Wakijua, watanirudisha nyumbani. Funga hilo domo."

Mwaka uliopita grenda ilimrushia kipande cha chuma jichoni. Hakuwa amevaa miwani, wala hakwenda hospitali. Alisema kimetoka chenyewe, lakini hakuna aliyekiona kikitoka.

Mpiga picha wa mashine ile, mama mmoja mpole, alikuja na karatasi. "Mzee, umewahi kuingiwa na chuma jichoni?"

"Hapana," babu alijibu bila hata kupepesa jicho.

"Aliingiwa!" nikasema.

Babu alinigeukia. "We mtoto! Adabu yako iko wapi?"

"Iko hapa hapa, babu. Ningekosa adabu ningekuacha uingie."

"Ndugu yangu alikufa mbele ya macho yangu! Nataka kujua kama zamu yangu imefika!"

"Na mimi sitaki upofuke! Sumaku yangu ya kufagia inaenea kiganjani, na unga unairukia. Hiyo ya humo ndani imejaa chumba kizima!"

Sikuinamisha kichwa. Mpiga picha aliufunga mlango wa chumba cha mashine, akampeleka babu kupigwa eksirei ya kawaida. Pichani, ndani ya jicho la kulia, palikuwa na kinukta cheupe.

"Mzee, sumaku ingekisogeza hiki, na jicho lingekwenda nacho," alisema. "Mashine zetu zina akili nyingi, lakini mtu akituficha jambo, tunaweza kumuumiza kwa mikono yetu wenyewe."

Babu alitembea mbele yangu njia nzima ya kurudi nyumbani, nami sikumbembeleza. Nilikuwa nimesema kweli, basi.

Daktari wa macho alikitoa kile kipande wiki iliyofuata. Nafasi ya babu kwenye utafiti haikupotea. Baada ya miezi miwili eksirei ilionyesha jicho ni safi, akatundikiwa dripu upya, na kesho yake akaingia kwenye mashine. Picha zilionyesha chembe zimejikusanya upande wa kushoto wa shingo. Mshipa ulikuwa umeanza kuugua, lakini haujaziba. Akaandikiwa vidonge, akaambiwa aache sigara. Alinung'unika, akaacha.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta anapigilia msumari ukutani, juu ya grenda. Akatundika miwani miwili, mikubwa na midogo.

"Asiyevaa hii hawashi mashine humu," alisema. "Hata mimi."

"Ndiyo, babu."

"Na sikiliza, Pilipili. Mimi ndiye niliyekufundisha kunyamaza mbele ya wakubwa. Nilikufundisha nusu. Mkubwa akidanganya, na uongo wake utamdhuru, kumnyamazia si heshima."

"Kwa hiyo ukidanganya tena niseme?"

"Sema kwa sauti," alijibu akivaa miwani yake. "Jicho limepona, lakini masikio yamezeeka."