Aliyeiba Usukani wa Gari la Kijani

Gari lilikuwepo. Usukani ndio haukuwepo.

Inspekta alilizunguka taratibu, mikono nyuma. Lilikuwa gari la michezo la Kiingereza, la zamani, la viti viwili, fupi kama kiatu, na rangi yake ya kijani iling'aa hata akajiona uso. Mwenyewe, dereva mstaafu wa treni, alilinunua likiwa chuma chakavu akalifufua kwa mikono yake katika karakana hii iliyo ubavuni mwa nyumba. Sasa alikuwa amelitangaza kuuzwa, na mnunuzi, wakili mmoja wa mjini, alitarajiwa kuja kulichukua siku hiyo hiyo.

"Kwanza iliibwa kabureta," mzee alisema. "Nikahangaika, nikapata nyingine. Mnunuzi alipotaka kuja tena, zikaondoka plagi na waya zake. Leo usukani. Afande, huyu mtu anajua ratiba yangu kuliko mimi."

Kituoni walikuwa wamecheka. Mkuu wa kituo alimtuma Inspekta akamtafute panya anayekula chuma. Yeye hakucheka. Alikuwa mwanamke asiyependa kucheka kabla ya kuangalia.

Kufuli halikuvunjwa. Vumbi la dirishani halikuguswa. Nati ya usukani ilikuwa imewekwa ndani ya kisosi ili isipotee. Na pale usukani ulipotolewa, mwizi alikuwa amefunika chuma kwa kitambaa cheupe, akakifunga kwa uzi, uchafu usiingie.

"Mara zile nyingine alifunika hivi?"

"Alifunika. Nilidhani ananidhihaki."

"Vitambaa viko wapi?"

"Nimefutia mafuta."

Inspekta akavuta pumzi. Si mara ya kwanza mlalamikaji kumharibia ushahidi.

Alianza kwa kumpigia wakili simu. Mtu huyo alikuwa ameilalamikia bei tangu mwanzo, na gari lenye pengo hushuka thamani. Wakili alikasirika kidogo, kisha akaeleza kwamba amelitamani gari la namna hiyo tangu utotoni, na kwamba mwenye njaa ya mkate hauibi chembe kwa chembe. Siku zote zile za wizi alikuwa mahakamani, mbele ya hakimu. Inspekta akapiga simu mahakamani kuthibitisha, akamfuta katika orodha ya washukiwa.

Koplo wa alama za vidole naye alimaliza kazi yake na unga wake. Alama zote zilikuwa za watu wa nyumba ile: mzee na mkewe. Hazikusema kitu, kwa kuwa wao ndio waliolishika gari kila siku.

Inspekta akaingia garini, akaketi mbele ya tundu la usukani, afikiri. Kidole chake kikapita juu ya ngozi ya kiti. Mshono ulikuwa wa mistari miwili, safi, lakini kila baada ya hatua chache sindano ilikuwa imeruka kidogo, kama mtu anayechechemea. Akakitoa kile kitambaa cheupe, akakitazama pindo. Mistari miwili. Na sindano ilichechemea vile vile.

"Viti alishona nani?"

"Mke wangu," mzee alijibu kwa fahari. "Kwa cherehani yake ile ya..." Tabasamu likamwishia mdomoni.

Mama walimkuta chumbani, cherehani iko kimya mbele yake. Ni kama aliyekuwa akiwasubiri. Inspekta aliweka kitambaa mezani.

"Mama, hiki ni chako?"

"Changu."

"Usukani uko wapi?"

Mama aliinuka, akafungua kasha la vitambaa. Usukani ulikuwa umeviringishwa kwenye blanketi kama mtoto mchanga. Chini yake kulikuwa na kabureta, na plagi ndani ya kopo la vifungo.

"Kwa nini?"

Mama hakumtazama Inspekta. Alimtazama mumewe aliyesimama mlangoni.

"Kiharusi kiliulaza mkono wake wa kulia. Daktari akasema tuzoee. Hakushika hata kijiko, Inspekta. Haongei, kutwa amegeukia ukuta. Chuma kile kilikuwa nje kinaota kutu. Nikamsogeza hapo na kiti chake, nikamtia spana mkononi. Bolti ya kwanza ilimla wiki nzima. Ya pili ikawa nafuu. Mkono ukaamka, naye akaamka nao. Halafu nasikia gari linauzwa. Nikajiuliza, likiondoka, atabaki na nini? Atarudi kule kule. Basi kila likikamilika, nalirudisha nyuma kidogo."

Mzee alikaa kitandani.

"Ungeniambia," alisema mwishowe.

"Na wewe ungeniambia kwa nini unauza."

Mzee alikuna kichwa. Ilibidi aseme. Kulikuwa na gari jingine, alieleza, limetelekezwa nyuma ya kiwanda cha mbao, kuku wanatagia ndani. Karakana haiwezi kubeba mawili. Na amemjazia mkewe nyumba harufu ya petroli miaka yote hii; alitaka kwanza amwondolee hili, halafu atafute namna ya kumbembeleza.

Inspekta alifungua jalada. "Mlalamikaji, unaendelea na shauri?"

"Dhidi ya mke wangu? Nifutie, afande."

Akalifuta, kisha akawaonya wote wawili kwa sauti ya kazi: polisi si wazee wa ukoo, wa kuitwa kusuluhisha ndoa. Lakini hakuondoka. Alibaki mpaka mzee alipoukaza usukani kwa mkono ule wa kulia, mpaka wakili akaja, injini ikanguruma, na gari la kijani likakata kona likapotea.

Mama alikuwa akijifuta macho. Mzee akamgeukia.

"Ile kabureta uliitoaje bila kuchana gasketi? Mafundi wazima huichana."

"Miaka yote hiyo nakushikia taa, ulidhani nimefumba macho?"

Mzee akacheka, kicheko cha kutoka tumboni. "Basi twende tukawafukuze wale kuku. Safari hii wewe ndiye utakayelala chini ya gari. Taa nitashika mimi."

Mama akaingia ndani kutafuta nguo ya kuchafua.