Ndugu Aliyeitwa Paka

Mbwa wa Nyoman Suteja hakuwa na kawaida ya kuacha sadaka. Kila jioni Sriasih, mke wa Nyoman, alipoweka uani kipande cha jani chenye wali na chumvi kwa ajili ya pepo wa ardhini, mbwa yule alingoja kidogo, kama mtu mwenye adabu, kisha akajilia kilichobaki. Lakini jioni ile ya kuamkia Galungan, sikukuu kubwa ya kisiwa cha Bali, mizimu ya mababu ikiwa imekwisha shuka kuwatembelea watoto wao, alinusa wali mara moja tu, akarudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagonga ukuta.

“Huyu kashiba nguruwe wa jirani,” mama yake Nyoman alisema, akimbembeleza mjukuu.

Nyoman hakucheka. Alikuwa akitazama meza aliyowawekea wageni kando ya mlango, na uso ulimwaka kwa aibu.

Wageni wenyewe walikuwa wazee wawili wa Kiholanzi, Bi Truus na mumewe Wim. Meli yao ilitia nanga bandari ya Benoa kwa siku mbili, na kwa kuwa Nyoman alikuwa dereva wa watalii pale bandarini, walimwomba awapandishe milimani wakalale kwake, waione sikukuu ndani ya nyumba ya watu. Nyoman alifurahi kupita kiasi. Alifagia ua hadi ukang'aa, akajifundisha mizaha ya Kiholanzi njia nzima.

Mpaka asubuhi ile, kushoto kwa mlango wa chumba cha kulala palikuwa na jiwe la mtoni, miiba ya mkadi na taa ya mafuta iliyofunikwa kikapu. Chini yake lilikuwa kondo la nyuma la Luh, binti yake wa miezi miwili. Nyoman mwenyewe alilisafisha, akalitia ndani ya kifuu cha nazi na kulizika, kama afanyavyo kila baba wa kwao. Kondo ni ndugu. Limezaliwa na mtoto na humlinda, kwa hiyo kila magharibi huwashiwa taa, hudondoshewa maziwa na kusemeshwa.

“Hiki nini, Nyoman?” Bi Truus aliuliza mchana ule, akiinamia kikapu.

Na Nyoman, ambaye mbele ya mababu zake hakupata kusema uongo, alimwona mawazoni Bi Truus akiisimulia meli nzima kwamba dereva wao anafuga kondo mlangoni. Ulimi ukamteleza.

“Paka,” alisema. “Paka wetu. Alikufa.”

“Maskini!” alisema Bi Truus.

Kisha Wim akataka kukaa kivulini, na kivuli kilikuwa hapo hapo. Sriasih alikuwa hekaluni na sadaka zake. Nyoman aliondoa jiwe kwa mikono yake, akaitupa miiba nyuma ya jiko, akaweka meza.

Sriasih aliporudi alisimama mlangoni bila kuvua viatu.

“Baba Luh, taa iko wapi?”

“Sema polepole, wageni wanapumzika. Ni usiku mmoja tu. Kesho narudisha kila kitu.”

“Umempeleka wapi ndugu yake mwanangu?”

“Yupo hapo hapo chini. Anakwenda wapi?”

Sriasih alimtazama kwa namna ambayo angeona afadhali kupigwa kofi.

Usiku harufu ilianza kwanza, harufu ya damu na maji ya uzazi, ile ile iliyojaa chumbani siku Luh alipozaliwa. Kisha chini ya sakafu kitu kikalia, nyau, sauti nyembamba ya mtoto wa paka aliyeloa. Nyoman akajiambia ni paka wa jirani, lakini sauti ikasogea, ikapita chini ya kitanda chao, ikapita chini ya bibi yake Luh aliyelala mkekani, ikazunguka ukuta ikikwangua kama inayotafuta mlango uliokuwa wake jana na leo hauoni, ikatoka uani, ikaelekea chumba cha wageni, ikanyamaza huko. Na hapo Sriasih, aliyekuwa akipumua kidogo kidogo ili asisikike, akahisi Luh anajinyoosha kifuani pake, anafungua kinywa ili alie kwa njaa, na sauti iliyotoka haikuwa ya mtoto wa mtu.

“Nyau,” alilia Luh.

“Mama,” Sriasih alinong'ona kumwita mkwewe, “umesikia?”

“Nimesikia. Mzibe masikio asijisikie mwenyewe.”

Alfajiri bibi alimleta Jero Sekar, mganga, mama mnene aliyeuza ndizi za kukaanga sokoni. Jero alimnusa mtoto utosini, akaenda mezani, akapiga magoti, akaweka kiganja kwenye udongo. Alipoinuka macho yalikuwa yamemjaa machozi, na Jero si mtu wa kulia.

“Kifuu kimo,” alisema. “Mwenyewe hayumo. Nani alimwita paka?”

Nyoman alianza kupanga viti mezani.

“Mtoto huyu hana makosa. Nduguye ameitwa paka, naye ameitika, kwa kuwa aliyemwita ni baba. Nauliza tena, nani?”

“Mimi,” alisema Nyoman, kwa sauti ya chini kabisa.

Mama yake alijifunika uso kwa shuka. “Nilikuzaa mimi?” alisema. “Kondo lako lilizikwa penye mlango ule ule, Nyoman. Nililiwashia taa miaka.”

“Ulimkana mbele ya wale,” Jero alisema, akiwaonyesha wageni waliokuwa wakitoka chumbani wakipiga miayo. “Mbele ya wale wale utamkubali, kwa kinywa chako, wasikie. Na iwe kabla hawajavuka maji. Mtu akimkaribisha ndugu huyo akavuka naye, mimi sina dawa.”

Nyoman akawageukia. Bi Truus alikuwa anatabasamu.

“Nyoman, una paka mwingine!” alisema. “Kadogo, kamelowa, kana baridi! Kamelala tumboni kwangu usiku kucha. Nikakaambia, twende zetu nyumbani. Asubuhi sikukaona tena.”

“Anasemaje?” Sriasih aliuliza. Lugha ile hakuijua, lakini alikuwa ameuona uso wa mumewe.

“Nitamwambia njiani,” alisema Nyoman.

Wakati wa kuwarudisha wageni melini ulipofika, Sriasih akapanda garini na mtoto, bila kualikwa. Waliteremka kati ya mianzi ya sikukuu iliyoinama barabarani pande zote mbili, watu wakienda kusali wamevaa nguo nyeupe.

“Umeshamwambia?”

“Natafuta maneno.”

Wakapita mji wa Ubud.

“Baba Luh, nakuomba. Kama unamwonea haya mzungu, mwonee haya mtoto wako.”

“Tukifika kwenye taa za barabarani.”

Taa zikawaka nyekundu, Nyoman akafungua kinywa, akamwona Bi Truus kwenye kioo akimchekea Luh, akauliza kama wangependa kiyoyozi. Alijichukia. Alijichukia walipopita Ubud, akajichukia walipofika Denpasar, na bado maneno hayakutoka.

Bandarini madereva wenzake walikuwa wamejipanga getini.

“Ee, Nyoman! Leo umekuja na ukoo mzima?”

Bi Truus alimkumbatia, akavuta begi lake, akapita ukaguzi pamoja na Wim. Nyuma ya kizuizi, begi likajikunja lenyewe ubavuni, kama kitu kinachogeuka usingizini. Ndipo Nyoman akashika vyuma, akapiga kelele kwa Kiholanzi, kisha kwa lugha ya kwao, mbele ya madereva wote:

“Si paka! Ni kondo la mwanangu! Ni ndugu yake, nilimzika mimi! Mwacheni!”

Hakuna dereva aliyecheka, na hilo lilimuuma kuliko kicheko. Ng'ambo, Bi Truus aligeuka, asisikie neno kwa umbali, akamwona tu mtu anayepunga na kupaza sauti. Akampungia na yeye, kwa upendo, akaingia melini.

Mikononi mwa Sriasih, Luh aligeuza kichwa kuelekea meli, akalia mara moja, nyau, akanyamaza. Mpaka jua linazama hakulia tena, hata mama yake alipomfinya mguu akimwomba alie.