Koti la Dobi na Yatima wa Tumbili

Ukitaka ujumbe wako ufike kama ulivyotoka mdomoni mwako, bila kupungua neno wala kuongezeka, nitume mimi. Ndiyo maana hadithi hii ya dada yangu na dobi wake naisimulia mimi niliyekuwa mjumbe wao, si mtu mwingine.

Walikutana sokoni, saa sita mchana, chini ya nguzo ya umeme. Tumbili jike alikuwa amepigwa na umeme wa nyaya, akaangukia meza ya nyanya akiwa maiti, na mtoto wake bado amemng'ang'ania tumboni. Dada, muuguzi wa kituo cha kuokoa wanyama wa porini, akapasua umati na gwanda lake la kijani na buti zenye tope.

"Nguo! Nani ana nguo nzito?"

Watu wakatazamana. Kijana mmoja mrefu, shati jeupe lililonyooka mpaka unaogopa kulisogelea, akavua koti lake la sufu.

"Lirudi safi," alisema. "Mimi ni dobi, nina heshima ya kulinda."

"Halirudi," dada alijibu, huku akimviringisha yule mtoto. "Liage kabisa."

"Basi nipe namba yako, niwe nalijulia hali."

Mnauona ujanja wa watu wazima? Koti lijuliwe hali!

Kituoni, yatima mpya hukaa karantini siku thelathini na mlezi mmoja tu. Dada akafungiwa naye kwenye kizimba cha hatua sita kwa nne: kitanda cha kamba, beseni, na dirisha la wavu linalotazama ujia mwembamba wenye mlango mmoja. Dada alilivaa koti, mtoto akalala ndani yake, akanyonya chupa humohumo. Dada akilivua tu, kelele mpaka kutapika. Kwake, koti ndilo lilikuwa mama.

Dobi alipiga simu kila jioni.

"Hujambo, mfungwa wangu?"

"Sijambo. Leo nimehesabu matundu ya wavu, nimefika elfu mbili nikapotea."

"Anza upya. Mwenzio huku napiga pasi shati moja mara tatu kwa kukuwaza."

"Muongo wewe!"

"Muulize shangazi yangu hapa. Ameshaninyang'anya pasi."

Siku ya kumi na tisa, bega la koti likachanika. Dada alisubiri mtoto asinzie, akanipitishia koti kwenye kidirisha cha chakula.

"Mpelekee ashone bega tu. Asilifue! Umesikia? Mtoto anamjua mama yake kwa harufu."

"Nimesikia, dada."

Nikavuka nalo mji mzima kwa miguu. Lilinuka mkojo, maziwa yaliyochacha, na tumbili mwenyewe. Binti mmoja wa gauni la njano, niliyekuwa nimeshaanza kumtabasamia, alivuka barabara akiwa ameziba pua.

Jioni koti likarudi limeshonwa, limenyooshwa, linanukia maua. Mtoto akalinusa, akarudi nyuma, akajikunja pembeni. Chupa akaikataa. Kesho yake akaikataa tena. Dada akapiga simu nami nimesimama pale dirishani.

"Nilisema usilifue!"

Nikamsikia dobi upande wa pili: "Ni kosa langu, mpenzi."

"Usiniite mpenzi. Umemuua mama yake mara ya pili. Usinipigie tena."

Akakaa sakafuni. Mtu mwingine angetoka nje akalie faragha. Yeye hakuwa na pa kwenda. Alilia palepale, hatua moja kutoka kwangu, nami nikawa nasoma kamba za viatu vyangu.

Siku ya tatu mtoto hakuweza tena kushika hata kidole. Ndipo dobi akaingia ujiani, macho mekundu, shati limekunjamana. Dobi, shati limekunjamana! Shangazi yake alikuwa nyuma akihema.

"Umefuata nini?" dada aliuliza.

"Nisikilize, halafu unifukuze. Bitana, kile kitambaa cha ndani, ilikuwa imechakaa, niliitoa kabla ya kufua nikatia mpya. Kitu cha mtu hatukitupi, hata kiraka. Tangu jana napekua magunia."

Akapitisha kitambaa cheusi, kimekakamaa, kinanuka balaa. Dada akajifunga kifuani. Mtoto akainua pua. Akatambaa, akaanguka, akatambaa tena, akashika kwa mikono yote miwili. Tukasikia chupa ikinyonywa.

Dobi akaingiza vidole kwenye wavu. "Zimebaki siku tisa. Ukitoka humo, utakubali kufungiwa tena, safari hii na mimi?"

"Posa gani hiyo!" Dada alicheka na machozi yakimtoka. "Nitakubali. Lakini uniambie kwanza. Nilikukataza, kwa nini ulilifua?"

Dobi akanitupia jicho, akanyamaza.

"Ala! Utanyamaza mpaka lini?" shangazi akafoka. "Mwanangu, nilikuwepo na pasi yangu mkononi. Huyu mdogo wako alikuja akasema, 'Dada anasema mlifue, tena kwa maji ya moto, linanuka!' Halafu mtoto alipokataa chupa, akampigia huyu kijana wangu simu, analia, asimtaje, eti utamfukuza nyumbani kwako."

Dada akanigeukia. Dobi akainamisha kichwa. Hata tumbili aliacha chupa akanitazama.

Nikageukia mlango. Shangazi alikuwa amesimama hapohapo, mikono kiunoni.