Zamu ya Mashine ya Saba

Blanketi lilikuwa limesokotwa kama kamba nene, mama ameshika ncha moja na jirani yake, fundi cherehani, ameshika nyingine. Maji yalikuwa yakiwachuruzikia miguuni pale fundi aliposema:

"Kumbe mwanao ndiye atakayeipiga ile mashine leo."

"Mashine gani?"

"Si ile ya kiwanda chenu cha zamani, cha sahani za bati? Wale vijana wa bendi wamehamishia onyesho huko. Wanaanza saa kumi na mbili jioni, maana taa hakuna. Mwenyewe nimemshonea ovaroli. Hakukuambia?"

Mama aliachia ncha yake. Blanketi likajizungusha lenyewe na kuanguka kwenye matope.

"Haya, tuanze upya," fundi akasema. "Mwenzangu, mbona umekuwa hivyo?"

Binti mkubwa wa mama alikuwa na miaka kumi na tisa, na nyumbani walimwita Nyundo kwa sababu ya muziki anaoupenda. Haukuwa muziki wa kucheza. Ulikuwa muziki wa viwandani: mapipa, minyororo, misumeno, na mtu mmoja anayefoka kama aliyekanyagwa kidole. Kila jioni akiosha vyombo alitoa hukumu zake, ukitaka usitake. Bendi ya Tanuri ilikuwa nzuri mpaka mwimbaji wao alipooa. Sasa wanaimba mapenzi, na msumeno wameuficha nyuma ya pazia kama mkwe mlevi. Onyesho la kwenye ukumbi wenye viti si onyesho, ni mkutano wa wazazi. Anayetabasamu jukwaani hafai. Ukirudi nyumbani na masikio mazima, ujue ulikwenda harusini.

"Mimi nimeyasikiliza hayo makelele kiwandani miaka kumi na mmoja," mama alikuwa akimjibu, "na saa nne usiku nikipewa chai."

Bendi moja tu ndiyo ilimridhisha Nyundo, nayo iliitwa Kutu. Kila onyesho, Kutu humpandisha jukwaani shabiki mmoja apige chuma nao. Lakini mwezi uliopita Nyundo aliwaandikia kwenye kundi la mashabiki kwamba nao wameanza kupiga makopo. Bendi ya kweli haiigizi kiwanda, aliandika, inakifuata kiwanda kilipo. Kuna mashine ya saba kwenye kiwanda cha sahani, mama yangu anasema hakuna yenye sauti kama ile.

Wakamjibu: njoo uipige wewe.

Mama alikuwa amemsimulia habari za sauti. Habari za mtu hakumsimulia.

Alimpigia Nyundo simu. Iliita, haikupokelewa. Akamwambia kitinda mimba wake, binti wa miaka tisa, "Angalia hayo maharage yasiungue. Baba yako akirudi, mwambie nimemfuata dada yako." Akatoka na kanga iliyolowa vilevile.

Zamani kiwandani, mashine zikigonga bati kuwa sahani, mtu hakumsikia mwenzake hata akimpigia kelele sikioni. Kwa hiyo zamu ilikabidhiwa kwa mkono. Anayeingia anasimama nyuma ya anayetoka, anamwekea kiganja katikati ya mgongo. Anayetoka anainua mguu kwenye kanyagio, anapiga hatua moja kushoto, anaondoka. Hageuki. Pasipo kiganja, hakuna kuondoka. Mashine haikuachwa bila mtu.

Kabla ya mama, mashine ya saba ilikuwa ya mwanamke waliyemwita Bi Kimya. Zamu yake iliisha saa kumi na mbili jioni, na ya mama ikaanza saa hiyo hiyo. Siku moja mtoto wa mama alishikwa na homa, na mama akachelewa kwa saa mbili. Bi Kimya alisubiri. Aliendelea kukanyaga, amechoka, mpaka mkono ukatangulia bati chini ya kichwa cha mashine, na aproni yake ya turubai ikamvuta yeye mzima. Mama alipofika alikuta watu wamesimama duara. Hakuna aliyeiendesha tena mashine ile. Kiwanda kilipofungwa walikuja wanunuzi wa vyuma chakavu, wakabeba nyingine zote. Ya saba wakaing'oa mkanda na mota, wakaiacha.

Mtoto wa homa alikuwa Nyundo.

Mama aliisikia kabla hajafika getini.

Pa-pa... kimya... paa.

Akasimama.

Kila mwendesha mashine alikuwa na mpigo wake, kama mtu anavyokuwa na mwandiko wake. Mbili za haraka, kituo, moja nzito. Ule ulikuwa wa Bi Kimya. Kwenye kituo alikuwa akipangusa kiganja cha kulia kwenye aproni.

Pa-pa... kimya... paa.

Ndani kulikuwa na vijana kama mia mbili, wamevaa nyeusi, wamesimama kama nguzo. Jua la mwisho lilipita kwenye mabati yaliyotoboka. Palinuka grisi iliyoungua, na chini ya grisi, dawa ya kuchua, ile ambayo Bi Kimya alijipaka vifundo vya mikono kila asubuhi.

"Hili ndilo onyesho," kijana mmoja alimnong'oneza mwenzake. "Hakuna hata anayetabasamu."

Wanne wa bendi walikuwa wameweka vyuma vyao chini. Mwimbaji, aliyejipaka masizi usoni, alimwona mama akisogea, akamfuata.

"Mama, usiende. Hatujui ni nini."

"Imeanza lini?"

"Alipoweka mguu tu. Mama... haina mkanda. Haina umeme. Sisi tulitaka aigonge kwa nyundo."

"Mbona hamkumtoa?"

"Nilimshika bega." Akafungua kiganja chake, akakitazama. "Lile bega halikuwa la msichana."

Nyundo alikuwa ameinamia mashine, mgongo kwao. Mikono yake mitupu ilikuwa ikilisha bati lisilokuwepo. Kwenye kituo, kiganja cha kulia kilishuka, kikapangusa kiunoni mahali pasipo na aproni, kikarudi. Kila kiliporudi kilikaribia zaidi chini ya kichwa cha mashine.

Pa-pa...

Inchi tatu.

...paa.

Mbili.

Mama hakupiga kelele. Ndani ya jengo lile alishazoea kwamba kelele haisaidii. Alisogea, akasimama nyuma ya binti yake, akasema kimoyomoyo, nimechelewa, nimefika. Akaweka kiganja katikati ya mgongo.

Fundi alishona ovaroli kwa pamba nyepesi. Chini ya kiganja cha mama kulikuwa na turubai nene, lenye unyevu, na fundo la kamba.

Baridi.

Mgongo ule ulivuta pumzi... ukaishusha, pumzi ndefu ya mtu anayetua mzigo.

Mguu ukainuka kwenye kanyagio. Hatua moja kushoto. Harufu ya dawa ya kuchua ikampita mama karibu na sikio, ikaenda mlangoni. Haikugeuka.

Nyundo akabaki amesimama kando, anapepesa macho. Na mguu wa kulia wa mama, bila yeye kuuamuru, ukashuka kwenye kanyagio mara moja.

Paa.

Kisha kimya. Kisha vijana wale mia mbili wakapiga makofi.

"Mama?" Nyundo aliuliza. "Umefuata nini huku?"

"Chakula kimeiva. Twende."

Njiani Nyundo alinung'unika. Kwa hesabu yake alikuwa ameigonga mashine mara moja tu, halafu mama yake akatokea na kanga ya maji mbele ya watu wote. "Onyesho fupi kuliko yote niliyowahi kuhudhuria," alisema. "Kutu wamekwisha. Na yule mwimbaji alikuwa analia, umeona? Bendi gani inalia." Mama aliitikia kila mahali panapofaa kuitikia. Hakuwa na hofu wala furaha. Alihisi kama alivyokuwa akihisi zamani akiingia kazini.

Maharage yalikuwa yameshika chini kidogo. Baba alikuwa ananawa mikono. Mama akatoa sahani, na kitinda mimba akaja mbio kwa nyuma, mikono mbele, kumkumbatia.

Mama aligeuka upesi kabla viganja havijamfikia, mgongo ukagonga ukuta.

"Usinishike mgongo."

Mtoto alisimama. "Umeumia?"

"Sijaumia. Usinishike tu. Na wewe, Nyundo. Na wewe, baba yao."

"Mimi nimekosa nini tena?" mumewe akasema. "Hata kitandani?"

"Hata kitandani."

"Tangu lini?"

"Tangu leo. Zamu hii ni yangu. Kaeni."

Mumewe alimtazama, akaona si mzaha, akakaa. Nyundo akaacha kulalamika. Alikuwa akikitazama kiganja chake cha kulia, kikavu, hana habari kwa nini anakipangusa kwenye ovaroli.

Mama alipakua akiwa amesimama, ukuta nyuma yake, sahani moja baada ya nyingine. Alimhesabu mumewe. Akamhesabu Nyundo, na mikono yake yote miwili. Akamhesabu mdogo. Akajihesabu mwenyewe.

Wanne. Wote wapo.

"Kuleni," akasema.