Siku Sumu Alipopewa Uhusika wa Mtu Mwema

Mtu alicheka wakati hakuna aliyefungua mdomo.

Walikuwa wamemaliza kurekodi tukio la wodini. Kama hujawahi kukanyaga seti ya tamthilia, chukua elimu ya bure: kila tukio likiisha, watu wote husimama kama vinyago, hakuna kukohoa wala kuhema kwa nguvu, ili fundi wa sauti arekodi ukimya wa chumba. Ndiyo, wanarekodi ukimya. Watu wana kazi duniani! Baadaye wanaupaka kwenye mapengo ya sauti, kama vile mwashi anavyoziba nyufa za ukuta.

Fundi wa sauti wa pale walimwita Masikio, kwa sababu simu ikitetemeka ndani ya mkoba chumba cha pili, yeye anaisikia. Siku hiyo alizivua hedifoni kama zimemchoma.

"Nani amecheka?"

"Acheke nani, kaka, na wewe ndiye umetunyamazisha?" mpambaji akamjibu.

"Mtu amecheka. Sumu, ni wewe?"

Sumu alikuwa amekaa pembeni ya kitanda na koti jeupe la daktari, midomo ameibana. Akatikisa kichwa. Masikio akairudisha sauti nyuma, akampa mwongozaji asikilize. Mwongozaji akasikiliza, akasema ni upepo. Chumba kile hakikuwa na dirisha hata moja.

Huyu Sumu unamjua, usijifanye. Kila tamthilia ina mjomba mmoja wa sauti nzito anayemtilia mjane sumu kwenye chai ili abaki na nyumba. Basi mjomba ndiye yeye. Akipewa ubaba mkwe, ni baba mkwe muuaji. Akipewa ulinzi, mlinzi ndiye mwizi. Kuna siku walimfanya maiti, na watazamaji wakalalamika kwamba maiti ile ina njama. Uso ndio uliomponza: nyusi zake zilikutana katikati kama zinamteta mtu.

Mtaani alikiona. Mama mmoja alimzaba kofi kwenye foleni ya duka la dawa, akamwambia, "Hilo ni la yule mjane!" Sumu akacheka, akashika shavu, akanunua dawa yake. Hayo aliyazoea. Asilolizoea ni la nyumbani.

Alikuwa na binti mdogo waliyemwita Kinanda, kwa kuwa tangu anaamka mpaka analala alikuwa anaimba, nyimbo za kujitungia, zisizo na mbele wala nyuma. Siku moja Kinanda alikwenda kwa jirani, akamkuta baba yake kwenye televisheni akikoroga ile chai. Tangu hapo hakupokea tena kikombe mkononi mwa baba.

"Weka mezani, baba. Nitachukua mwenyewe," anasema kwa adabu zote. Ukigeuka, ameshamwaga kwenye sinki.

Akaja akashikwa na homa, mama yake yuko kazini. Sumu akapiga magoti na kijiko cha dawa. Mtoto akauma meno, jasho linamtiririka, akauliza, "Baba, ndiyo ile ya yule mama?"

Mwanaume mzima alikwenda kulilia bafuni.

Ndipo akamwangukia mwongozaji. "Bosi, nipe mtu mwema mmoja tu. Hata wa dakika mbili. Mwanangu anione."

"Kaka, uso wako una kesi. Ukimpa mtu ua, watu watasubiri lilipuke."

Lakini mwigizaji aliyekuwa daktari wa watoto akavunjika mguu, nguo zake zikamtosha Sumu, na bahati ikamwangukia. Tuseme bahati.

Sasa sikia alipokosea. Kila mwigizaji ana namna yake ya kuuvaa uhusika: yuko anayeruka ruka, yuko anayejifungia chooni. Sumu, kwa miaka yote ya uovu wake, alikuwa anakaa mbele ya kioo cha mpambaji, anafumba macho, anaweka viganja wazi magotini na kunong'ona: "Karibu. Ingia, kaa. Mwili ni wako." Akimaliza kazi, anajifuta uso kwa pamba na mafuta, huyo nyumbani kula. Mgeni alikaribishwa kila siku ya kazi. Kuagwa, hakuagwa hata mara moja.

Siku ya kwanza ya udaktari alikaa mbele ya kile kioo akasema, "Leo sikuhitaji."

Kukanuka nywele zinazoungua. Mpambaji akakimbilia pasi yake ya nywele. Ilikuwa ya baridi, waya umelala chini. Sumu akafumbua macho, na aliyekuwa ndani ya kioo akafumbua yake baadaye kidogo, taratibu, kama mtu aliyeamshwa kabla hajamaliza usingizi.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na nafasi yenyewe ndiyo kwanza ameipata? Akavaa koti, akaenda kumnywesha dawa mtoto wa kuigiza. "Kunywa, mwanangu," akasema, kwa upole wa kweli. Mtoto yule, aliyekuwa anatafuna biskuti na kumtania mpiga picha, akapiga ukelele mpaka mama yake akaja kumchukua.

Masikio akamvuta Sumu pembeni. "Kaka, usinichukie. Chini ya sauti yako kuna mtu mwingine. Anayasema maneno yako kabla hujayasema."

Yakahamia nyumbani. Jioni moja mkewe alipita mlango wa bafuni akiwa na nguo alizoanua, akasikia mumewe anafanya mazoezi, akatabasamu, kisha tabasamu likamkauka, kwa sababu sauti zilikuwa mbili, moja ya mumewe ikilia kwa kwikwi kama mtu aliyekabwa, na nyingine nyororo, isiyo na haraka, ikiuliza kama mwanafunzi hodari anavyouliza, "Mtu akimpenda mtoto, macho anayaweka wapi? Na mkono? Hapa, au juu kidogo?", na kila mumewe alipokataa kujibu kitu kilijibamiza ukutani, na ile harufu ya nywele ikapenya chini ya mlango ikamjaa kooni, mpaka mumewe akajibu, neno kwa neno, akifundisha huku analia, na ile sauti ikarudia kila neno vizuri kuliko yeye.

Kesho yake asubuhi mke akamleta mtabibu wa majini, bibi mmoja mwenye sifa, anayeitwa Bi Mkubwa hata na wanaomzidi umri. Bi Mkubwa kufika mlangoni, kumwona mgonjwa, akarudi nyuma hatua nzima.

"Huyu tena! Si ndiye aliyemuua yule mjane?"

"Bi Mkubwa, ile ni tamthilia," mke akamnong'oneza.

"Najua, mwanangu. Ila roho haijui."

Akafukiza ubani, akasoma anayoyasoma, akamshika Sumu kichwa. Sumu akapinda mgongo kama upinde.

"Umeingiaje humu?" Bi Mkubwa akauliza.

"Nilikaribishwa," ikajibu ile sauti nyororo. "Kila siku nilikaribishwa."

"Unataka nini?"

"Nimechoka. Nikipita, watu wanaficha watoto. Nikishika kikombe, wanafunga meno. Kuna faida gani ya mwili kama huu?"

"Basi hama!"

"Subiri kidogo. Anayehama anafunga mizigo kwanza."

Bi Mkubwa akakazana kusoma, na nyumba ikaanza kugugumia, vyombo vikigongana kabatini, mapazia yakivutwa ndani ilhali nje hakuna upepo, mke ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili na Kinanda amejificha ndani ya gauni lake, mpaka kitu kikang'oka kifuani mwa Sumu kwa mlio kama wa nguo inayochanwa, kikapita katikati yao bila kuonekana, baridi, kikilia, kikajikokota hadi nje na mlango ukajifunga nyuma yake.

"Mmesikia?" Bi Mkubwa akajifuta jasho. "Limetoka linalia. Limeshindwa!"

Hakuuliza ni nani aliyetoka. Nani angeuliza? Ubani ulinukia ubani mtupu, na Sumu alikuwa ameketi sakafuni, nyusi zake zimeachana, uso umekunjuka kama shuka mpya.

"Mke wangu," akasema. "Nimewatesa. Nisameheni."

Adhuhuri ile ile akachemsha maziwa, akayapooza, akachuchumaa mbele ya binti yake. Hakumlazimisha. Alimtazama tu. Mama yake akamwona Kinanda akiupeleka mkono, akapokea kikombe, akanywa mpaka tone la mwisho. Mama akalia kwa furaha. Ndicho alichokililia mumewe, siyo?

Kinanda hakuugua wala hakufa. Aliacha tu kuimba. Ukimwita anageuka na tabasamu zuri, na tabasamu halitoki, linakaa, linakaa, mashavu yanaanza kutetemeka kwa uchovu, kama mwigizaji anayesubiri mtu aseme "kata". Na wa kusema hivyo alikuwa mmoja tu ndani ya nyumba ile.

Kipindi cha daktari kikarushwa, mji ukaanguka miguuni mwake. Jina la Sumu likafa. Sasa ni Daktari. Yule mama wa kofi alikuja kuomba radhi amebeba mjukuu. Mwongozaji akaapa kwamba mtu huyu hatapewa ubaya tena maishani, watazamaji wataandamana.

Mke alikimbilia kwa Bi Mkubwa. "Lilitoka, nimelisikia kwa masikio yangu," akaambiwa. "Wewe unataka ubishi."

Akamwendea Masikio kazini. Masikio akatazama chini. "Shemeji, sauti yake siku hizi ni safi. Safi mno. Naomba usiniulize zaidi."

Mwisho akamkimbilia jirani yake wa mlango wa pili, mchana kweupe, akamkuta anamfunga mwanawe mgongoni, mtoto anawaka homa.

"Unampeleka wapi?"

"Kwa Daktari wetu, shoga. Akimshika tu mtoto, anatulia."

"Usimpeleke. Nakuomba. Yule siye mume wangu."

Jirani akacheka mpaka khanga ikamlegea. "Alipokuwa Sumu, ungeniambia anakula watu, ningebeba godoro tukakimbia wote. Sasa hivi? Mume mpole, anaosha vyombo, mtoto katulia. Wivu huo, mwenzangu. Ulizoea kuonewa huruma."

"Tulia kidogo. Sikiliza."

Wakasikiliza. Nyuma ya nyumba ya Sumu, mtu asiyeonekana alikuwa akilia, akitembea akiupapasa ukuta, akifika kona anageuka, akirudi kwenye dirisha la chumba cha Kinanda anasimama na kukwaruza kioo taratibu, kama mwenye nyumba aliyesahaulika nje.

Jirani akakauka. "Kumbe lile jini bado linazunguka?" akanong'ona. Akampita mwenzake mbio, mtoto mgongoni, akaingia sebuleni akipiga kelele, "Daktari! Liko dirishani, lifukuze!"

Daktari akatoka jikoni anajifuta mikono. Akaenda dirishani bila haraka, akatazama nje kwa huruma kubwa, akalifunga, akashusha pazia. Kilio kikakatika.

"Limekwenda," akasema, akachuchumaa na kufungua mikono. "Haya, mama. Nipe mtoto."

Jirani akaifungua khanga.