Meli ya Marehemu Kaka Yangu Ilitupiga Mizinga

Meli ya marehemu kaka yangu ilitoka gatini na kuanza kutupiga mizinga!

Ndiyo, mmesoma vizuri. Marehemu. Vukašin tulimzika kabla ya kiangazi.

Nilikuwa jikoni, hapa Niš, Serbia, nimeshika sufuria ya sarma, ile nyama ya kufungwa kwa majani ya kabichi, simu ikatetemeka. Ognjen, mwenzetu wa kwenye gemu.

"Tijana! Vukašin anatubomoa!"

"Umelewa mchana huu?"

"Angalia mwenyewe!"

Nikaangalia... meli ni yake kweli!

Kwa msiolijua gemu letu: unaendesha meli ya angani, unanunua mzigo nyota hii, unauza nyota ile, maharamia wakikuvamia mnamalizana. Halina mwisho. Mimi na kaka tulijenga kituo huko, miaka na miaka, na wenzetu wote wanaweka mali zao humo. Alipofariki, meli yake niliiacha gatini. Jina lake pia sikulifuta kwenye orodha ya wenyeji wa kituo. Nilishindwa, jamani.

Na mizinga ya kituo haimpigi mwenyeji.

"Ukuta wa kwanza umekwenda!" Ognjen akaandika. "Wewe ndiye kiongozi, fanya kitu!"

Nifanye nini? Ilikuwa slava, siku ya mtakatifu wa ukoo wetu. Wageni wamejaa sebuleni, mshumaa unawaka, na siku hiyo mwenye nyumba hakai, hatoki, anahudumia tu. Tangu kaka aondoke, mwenye nyumba ni mimi.

Nikabeba sufuria, nikapita ukumbini. Ndipo nikasikia...

Ta-ta-ta-ta-ta!

Ile kibodi ya kelele ya Vukašin! Ndani ya chumba chake!

Nikasukuma mlango kwa kiwiko.

Radoš!

Kumu wetu, na mwenzetu wa kwenye gemu! Watu wa ukoo wake ndio wametusimamia ndoa na ubatizo tangu enzi za mababu. Kwetu kumu ni zaidi ya ndugu wa damu. Humgombezi, humkatalii kitu. Muda mfupi nyuma alimwomba Mama, machozi yanamlengalenga, akae kidogo chumbani kwa marehemu.

Kumbe!

"Toka kwenye hicho kiti."

Hata hakugeuka.

"Polepole, kumu. Leo slava. Mgeni hafukuzwi."

"Kwa nini, Radoš?"

"Unaniuliza kwa nini? Kaka yako alipokufa, uongozi ulikuwa wangu! Mkanipita, mkampa mwanamke!"

"Watu walichagua."

"Basi wachague na kituo kingine. Hiki nakifuta."

Nikaweka sufuria chini, nikainama nichomoe waya wa kompyuta. Akacheka.

"Chomoa. Neno lake la siri ninalo, nitamalizia nyumbani."

"Umelitoa wapi?"

"Muulize mama yako."

Mama alikuwa ameshasimama nyuma yangu, kitambaa cha vyombo mkononi. Uso umemshuka.

"Alisema anataka picha zao za ujana," akasema taratibu. "Kumu akiomba... ningemnyima vipi?"

Nilitamani ile sufuria immwagikie kichwani, nisiwe mnafiki.

"Ukuta wa pili!" Ognjen. "Tijana, tunakwisha!"

Njia ilikuwa moja tu. Nilifute jina la Vukašin kwenye orodha ya wenyeji. Mizinga ingemwona adui, ingemlipua. Meli nzima, na vile vibendera alivyovichora mwenyewe akiwa kitandani hospitalini. Hairudi tena.

Nikafungua orodha kwenye simu. Nikafika kwenye jina lake. Kidole kikaganda.

Radoš akanitazama kwa mara ya kwanza, anatabasamu.

"Hutaweza. Nakujua. Ni kaka yako huyo."

Hilo ndilo alilokuwa amelitegemea, mshenzi yule! Hakuja na jeshi. Alikuja na uchungu wangu.

Mama akanishika bega.

"Ile meli, kuna mtu ndani?"

"Hapana, Mama."

"Na kile kinachobomolewa?"

"Ni kazi yake. Na mali za watu."

"Basi futa."

"Mama..."

"Futa, Tijana! Mwanangu nilimzika mara moja, inatosha!"

Nikafuta.

Kibodi ikanyamaza. Kwenye kioo mwanga mweupe ukajaa, ukazima, zikabaki nyota tu.

Mimi nililia kama mtoto. Mama hakulia. Alimgeukia tu.

"Nenda mezani, kumu. Sarma inapoa. Leo sikufukuzi."

"Sina njaa, mama."

"Sijakuuliza kama una njaa."

Akaenda. Akakaa mbele ya wageni wote, Mama akasimama nyuma ya kiti chake, na kila sahani ikiisha anamwongezea. Alikula mpaka jasho likamtoka. Hakuna aliyezungumza naye.

Jamani, ukifiwa, badilisha maneno ya siri ya marehemu kabla hujagawa nguo zake. Na usiache kitu chake kikawa kamba ambayo mtu mbaya anaweza kukuvuta nayo. Nilidhani kuiacha ile meli pale ndiyo kumpenda kaka. Kumbe nilikuwa nimemwachia Radoš silaha gatini.

Najua unanisoma, kumu. Jina lako nimelifuta pia. Mizinga imewashwa, jaribu kusogea.